Mtu Mzima Kucheza Gemu: Ni Utoto, Ni Starehe, au Ni Kamari?



Hebu tuseme kuna kikundi, kiwe cha upande wa Nkubu au wa Runyenjes, chenye wanachama ishirini na mkutano kila Alhamisi alasiri. Mwanachama mmoja, baba wa watoto wanne mwenye miaka 43, ameomba mkopo wa shilingi 30,000 ajenge banda la kuku. Hajawahi kuchelewesha mchango hata wiki moja. Kabla kura haijapigwa, mtu anainua mkono na kusema, "Huyu tumemwona kwa kibanda cha gemu saa mbili usiku, anacheza PlayStation na vijana wa sekondari. Tutampaje pesa mtu mzima anayecheza kama mtoto?" Watu wanaangua kicheko. Mkopo unaahirishwa. Mwenyewe anatazama chini, na mkutano unaofuata haji.

Katika kikundi hicho hicho kuna mama ambaye kila jioni, sufuria ya githeri ikiwa jikoni, anapanga peremende za rangi kwenye simu yake. Hakuna anayemsema kwa sababu hakuna anayemwona. Na kuna kijana mmoja mpole, hanywi pombe, hatafuni miraa, hajawahi kukanyaga kibandani. Huyo ndiye wanachama wanamwamini awatunzie pesa. Lakini usiku akiwa peke yake, simu yake inakula mia mbili, mia tano, elfu moja.

Sasa tuulizane. Kati ya hawa watatu, ni nani wa kutia kikundi wasiwasi? Wengi tunamwogopa yule wa kwanza kwa sababu anaonekana, na tunamwachia yule wa tatu sanduku la pesa. Ndiyo maana tumeona ni vizuri tueleze jambo hili kwa urefu kidogo: hizi gemu zilitoka wapi, mbona watu wazima wanazipenda, pesa inatokaje mfukoni, na kikundi kifanye nini mwanachama akitaka mkopo wa kufungua kibanda cha gemu. Swali hilo la mwisho linazidi kuja, hasa tangu umeme ufike katika masoko yetu madogo.

Mchezo haukuanza na umeme

Wazee wetu walicheza. Wameru wana kiothi, Wakikuyu wanakiita giuthi, ule mchezo wa mashimo na mbegu ambao unataka mtu ahesabu haraka kuliko karani. Pwani na Tanzania kuna bao lenye mashimo 32 na kete 64, na hakuna anayemwambia mzee wa Zanzibar aliyeketi kibarazani kwamba anafanya utoto. Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alipenda bao, na picha zake akicheza zipo. Hapa kwetu nenda soko lolote siku ya gulio, utaona wanaume wamezunguka ubao wa drafti na vifuniko vya soda, mmoja anacheza na kumi wanamfundisha. Saa tatu zinapita hivyo.

Kwa hivyo mtu mzima kucheza si jambo jipya. Kilicho kipya ni kioo na umeme. Na hapa kuna jambo ambalo huenda likawashangaza: gemu za kioo hazikuanza kwa watoto hata kidogo. Zilianza kwa baa. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitengeneza mchezo ulioitwa Pong, mfano wa tenisi ya mezani, vijiti viwili na nukta moja inayoruka. Mashine ya kwanza ya majaribio iliwekwa katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California, ikiwa na kisanduku cha kutumbukiza sarafu. Baada ya muda mfupi mwenye baa akasema imeharibika. Fundi alipoifungua alikuta haijaharibika, ila kisanduku kilikuwa kimejaa sarafu mpaka hakiingizi nyingine. Waliozitumbukiza walikuwa watu wazima wenye mishahara yao.

Mbona basi tunasema ni vitu vya watoto? Mwaka 1983 biashara ya gemu ilianguka vibaya Marekani. Kulikuwa na gemu nyingi mbovu, watu wakachoka nazo, na wenye maduka wakaapa hawataki kuziona tena. Mwaka 1985 kampuni ya Nintendo ya Japani, ambayo tangu 1889 ilikuwa ikitengeneza karata, ilitaka kupeleka mashine yake huko. Ilijua wenye maduka wataikataa. Ikafanya ujanja: ikaiuza pamoja na kiroboti cha plastiki, ili ionekane ni toi. Ndivyo gemu ilivyoingia katika rafu ya wanasesere na magari ya kuchezea, na jina la utoto likashika. Kumbe ilikuwa ni mbinu ya kuuza tu.

Hata waliozitunga walikuwa watu wenye kazi zao. Ule mchezo wa matofali yanayoshuka, ambao wengi wetu tuliujua miaka ya 1990 kwa zile mashine ndogo za mkononi kutoka China, unatokana na Tetris. Aliutunga Alexey Pajitnov mwaka 1984 akiwa ameajiriwa katika kituo cha kompyuta cha Akademi ya Sayansi huko Moscow. Naye nyoka wa simu za Nokia, yule anayekula na kurefuka mpaka ajigonge, alitungwa na injinia wa Nokia anayeitwa Taneli Armanto, na alitoka na simu ya mwaka 1997. Safaricom na KenCell zilipoanza huduma hapa Kenya mwaka 2000, nyoka huyo alikuja pamoja na simu. Nani hakucheza? Walimu wakuu walicheza. Machifu walicheza. Tofauti ni kwamba simu ilikuwa ya heshima wakati ule, na mtu akiinama juu yake watu walidhani anafanya kazi.

PlayStation ilitoka Japani mwaka 1994, na ile ya pili, ya mwaka 2000, iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani.  Nyingi zikiwa zimetumika zilikuja Afrika Mashariki, zikafungwa kwa mabati na mbao, TV ikawekwa, benchi likawekwa, na kibanda kikawa tayari. Mchezo mkubwa ni mpira wa FIFA. Kusema kweli tangu mwaka 2023 unauzwa kwa jina lingine, EA Sports FC, lakini vibandani jina ni FIFA tu. Vijana waliokuwa na miaka 15 wakati huo sasa wamepita 35. Wana wake, wana mashamba, wana madeni ya SACCO, na bado wanapenda kucheza. Si hapa peke yake: ripoti ya wenye viwanda vya gemu Marekani ya mwaka 2024 ilisema wastani wa umri wa mchezaji huko ni miaka 36.

Mbona inapendeza?

Fikiria kazi ya shamba. Unapanda kahawa, unangoja karibu miaka mitatu kabla ya kuchuma cha maana. Unachuma, unapeleka kiwandani, unangoja malipo ya chama cha ushirika, na malipo yakija yamepungua kuliko ulivyopiga hesabu. Unapanda mahindi, na tangu 2017 viwavijeshi wale wageni wameingia Kenya, unaweza kuamka ukute majani yametobolewa yote. Mtu anafanya kila kitu sawasawa na bado anakosa.

Katika gemu mambo ni tofauti. Sheria ni wazi. Ukikosea unajua umekosea wapi. Ukifanya vizuri unalipwa hapo hapo: kengele inalia, alama zinaongezeka, mlango unafunguka. Hakuna broka. Kwa sababu hiyo utakuta mama ametoka kupalilia shamba la kweli, ameosha miguu, ameketi, na sasa anamwagilia mahindi ya simu. Michezo ya shamba iko mingi. FarmVille ilianza 2009 ikawa na mamilioni ya wakulima wa kioo mpaka ilipofungwa mwisho wa 2020. Ukimcheka mama huyo, kumbuka kwamba yale ndiyo mahindi pekee msimu huo ambayo hayakuliwa na wadudu.

Sababu ya pili ni kukaa pamoja. Baba wa miaka 43 anayecheza FIFA na vijana anaongea nao. Anajua nani ameacha shule, nani anatafuta kibarua, nani ameanza kuvuta bangi. Watu wengi wa rika lake hawana mahali hata pamoja pa kuketi na vijana ila mazishini.

Kuna wanaosema pia kwamba gemu zinaongeza akili. Hapo twende polepole. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitangaza kwamba wazee wa miaka 60 hadi 85 waliofanya mazoezi kwa gemu moja ya kuendesha gari waliboresha uwezo wao wa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Hiyo ni kweli. Lakini gemu ile ilitengenezwa na watafiti wenyewe kwa kazi hiyo. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 Marekani kwa sababu iliahidi watu mambo makubwa kuhusu ubongo bila ushahidi wa kutosha. Kwa hivyo mtu akikuambia anacheza ili asisahau vitu uzeeni, mwache acheze, lakini usinunue dawa hiyo.

Na wachache, wachache sana, wamepata riziki hapo. Sylvia Gathoni, Mkenya anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alisomea sheria na huku anacheza Tekken, mchezo wa kupigana. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kimataifa, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika hapo. Vijana wakikutajia huyo, mpongeze, kisha uwaulize wenzake wangapi waliojaribu hawakufika.

Neno moja kuhusu akina mama, maana tumeliona. Mwanamume akikaa kwa drafti tangu saa nane mpaka jua lizame, wanasema anapumzika. Mwanamke akishika simu dakika ishirini, wanasema ni mvivu. Vikundi vyetu vingi vimejaa akina mama, na bado masengenyo ya namna hii yanatoka ndani yao wenyewe. Dakika ishirini ni dakika ishirini.

Tazama mahali pesa inapotokea

Badala ya kuuliza kama mchezo ni wa watoto au wa wakubwa, uliza: pesa inatoka wapi, na inatoka mara ngapi?

Nyoka wa Nokia hakuomba senti. Gemu ya kibandani unalipa bob kumi au ishirini kwa mechi, mechi ikiisha deni limeisha. Unajua umetumia ngapi kwa sababu ulizitoa kwa mkono.

Kisha kuna zile za "bure" za simu. Chukua Candy Crush, ile ya peremende, iliyoanza mwaka 2012. Unapewa maisha matano. Ukishindwa hatua fulani, moja linatoka, na kila moja linachukua nusu saa kurudi. Yakiisha yote unaambiwa ungoje, au ununue. Mara nyingi unakuwa umebakisha hatua moja au mbili tu ushinde, na roho inawaka. Hapo ndipo wanauza. Wengi hawanunui kamwe na hawapungukiwi na chochote isipokuwa bando, maana matangazo yanayojileta yanakula data kimyakimya. Dawa yake ni rahisi: gemu nyingi za aina hii zinachezeka data ikiwa imezimwa, na matangazo mengi yanatoweka. Jaribu leo. Na kama mtoto anatumia simu yako, PIN ya M-Pesa isiwe tarehe ya kuzaliwa ambayo nyumba yote inaijua.

Aina ya tatu inaitwa gemu lakini si gemu. Ni kamari iliyovaa nguo za mchezo. Mnakumbuka zile mashine zenye taa za rangi zilizojaa maduka na baa za vijijini, za kutumbukiza sarafu ya ishirini, mpaka mwaka 2018 serikali ikawa inazikamata na kuzichoma? Zile ziliondoka barabarani zikaingia kwa simu. Inayojulikana zaidi sasa ni Aviator, yule ndege mdogo mwekundu. Unaweka pesa, ndege inapaa, namba inapanda: mara moja na nusu, mara mbili, mara tatu. Ukibonyeza kabla haijatoweka, unalipwa kwa namba hiyo. Ikitoweka kabla hujabonyeza, zimeenda. Inaonekana kama ya mtoto wa nasari, na huo ndio ujanja wake.

Waliotengeneza wenyewe wanasema mchezo huo unarudisha asilimia 97. Watu husikia hivyo wakadhani ni karibu sawa na kurudishiwa yote. Tufanye hesabu pamoja, mweka hazina atoe kalamu. Umeweka shilingi 100. Kwa wastani zinarudi 97. Lakini hakuna anayecheza mara moja. Unaweka tena hizo 97, zinarudi 94. Unaweka tena. Ukizizungusha mara 20, kwa wastani umebaki na kama shilingi 54. Ukizizungusha mara 50, umebaki na 22. Na kwa kuwa ndege ile inaruka na kutoweka kwa sekunde chache tu, mara 50 haifiki hata saa moja. Ni kweli kuna atakayeshinda leo, na huyo atapiga picha simu yake aonyeshe marafiki. Wale wengine hawapigi picha.

Katika FIFA ukifanya mazoezi unakuwa bora. Katika drafti vilevile. Kwa ndege ile mazoezi hayasaidii, kwa maana inapotoweka hakuna ujuzi wako ndani yake. Mtu anayekuuzia "mbinu" au "siri" kwa WhatsApp, kama siri hiyo ingekuwa kweli angeitumia mwenyewe.

Serikali imehangaika na jambo hili. Sheria yetu ya kamari ilikuwa ya mwaka 1966, ya zamani kuliko simu za mkononi. Mwaka 2019 kampuni nyingi za kubeti zilinyimwa leseni. Mwishoni mwa Aprili 2025 matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwaka huo huo ikatungwa sheria mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa. Lakini sheria haikai usiku na mtu chini ya blanketi akiwa na simu.

Wakati mchezo umegeuka ugonjwa

Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Wengine walishangilia wakasema, "Si tulisema!" Lakini someni walichoandika. Hawakusema kucheza ni ugonjwa, wala kwamba mtu mzima hafai kucheza. Walisema mambo matatu yaonekane pamoja: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mambo mengine yote ya maisha, na anaendelea ingawa anaona unamharibia. Tena kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama miezi 12. Kamari iliyomtawala mtu inahesabiwa kama ugonjwa wake peke yake.

Mpime yule baba wa miaka 43 kwa kipimo hicho. Mchango analipa. Ng'ombe wanakamuliwa kwa wakati. Watoto wako shuleni. Anacheza jioni mbili kwa wiki, saa moja unusu, bob sitini au themanini. Kuna mwenzake anayemaliza hizo kwa chai na mandazi na hajaitwa mkutanoni. Huyo si mgonjwa, na wala si mtoto.

Sasa mpime yule kijana mpole. Amekopa kwa programu za simu ili alipe mkopo wa programu nyingine. Halali vizuri. Ukimuuliza anakasirika. Pesa ya kikundi inachelewa kufika benki siku mbili, kisha siku nne, na kila mara kuna sababu nzuri. Huyo anahitaji msaada upesi, na msaada wa kwanza si kumwaibisha mbele ya watu. Watu wawili anaowaheshimu waende kwake, waketi naye, daftari na taarifa za benki zikaguliwe, na sanduku lihamishiwe kwa mwingine kwa utaratibu tu. Katika hospitali kubwa za kaunti zetu, Meru, Embu, Chuka, ulizeni mshauri wa afya ya akili. Ugonjwa huu unatibika kwa mazungumzo, ingawa si kwa siku moja.

Ishara nyingine ni usingizi. Anayecheza mpaka saa nane ya usiku, asubuhi atapiga dawa kwenye mimea akiwa nusu macho, na dawa za shambani hazitaki mtu wa nusu macho. Na wenye kifafa wajue kwamba kwa baadhi yao taa za kumetameta za kioo zinaweza kuleta kifafa. Mtu wa namna hiyo amwulize daktari kabla ya kuketi mbele ya TV ya kibandani.

Mwanachama akitaka mkopo wa kibanda

Hapa ndipo wengi mnataka kufika. Kibanda cha gemu ni biashara kama kinyozi. Kina faida? Inategemea nani anakaa mlangoni.

Tutoe mfano, bei za kwenu ulizeni wenyewe. Tuseme mashine iliyotumika, TV ya inchi 32 na padi mbili zimegharimu shilingi 35,000. Mashine na TV pamoja zinakula kama wati 160. Kwa saa 8 kwa siku hiyo ni uniti 1.28, na kwa siku 26 ni kama uniti 33. Uniti ikiwa shilingi 30, umeme ni kama 1,000 kwa mwezi. Watu wengi wanaogopa stima kumbe si stima inayowamaliza.

Mapato sasa. Mechi moja ni bob 20, dakika kama kumi. Kwa kalamu utasema mechi sita kwa saa, saa nane, mechi 48! Hapana. Asubuhi hakuna mtu, au kuna wale ambao hawafai kuwapo, yaani wanafunzi. Watu wanakuja saa kumi jioni. Mvua ikinyesha hawaji. Msimu wa kuchuma hawaji. Tuseme wastani ni mechi 15 kwa siku: shilingi 300, na kwa siku 26 ni 7,800. Toa umeme 1,000, kodi ya chumba 1,500, na 800 ya akiba ya padi, kwa sababu padi zinaharibika, vile vijiti vya kuzungusha vinalegea baada ya miezi michache vijana wakizipiga kwa hasira. Zimebaki 4,500. Mwenyewe akikaa hapo, mtaji unarudi baada ya miezi 8. Akiajiri kijana kwa 3,000, zinabaki 1,500, na mtaji unarudi baada ya miezi 23, kama mashine haijaungua kwanza. Kwa hivyo mtu anayekuja kuomba mkopo huku anasema "nitaweka kijana akae", mpelekeni nyumbani akapige hesabu tena. Na kile kifaa cha kukinga TV umeme unaporukaruka kiwe ndani ya bajeti. Bila hicho, radi moja ya Aprili inamaliza mradi.

Kibali cha biashara cha kaunti kikatwe mapema, si mpaka askari waje.

Kuna desturi moja vibandani ambayo kikundi lazima kiiangalie kabla ya kutoa pesa. Katika vibanda vingi, anayeshindwa ndiye anayelipia mechi. Hiyo sisi hatuoni ubaya wake; ni ada ya kucheza, na inazidi kidogo tu kununuliana soda. Lakini ikifika mahali wachezaji wawili wanaweka mia mia, mwenye kibanda anashika, mshindi anachukua na mwenye kibanda anakata kumi yake, hiyo imekuwa kamari, na kibanda kimekuwa nyumba ya kamari bila leseni. Polisi wakija, mkopo wa kikundi unabebwa pamoja na TV. Basi liandikwe katika makubaliano ya mkopo: hakuna kuwekeana pesa. Mwenye kibanda atie sahihi, na mdhamini wake atie sahihi, ili kila mtu ajue amesimamia nini.

Liandikwe pia kwamba aliyevaa sare ya shule haingii kabla ya saa kumi siku za masomo, na kwamba saa tatu usiku mlango unafungwa. Wazazi wa kijiji wakiona bango hilo mlangoni, lenye jina la kikundi na namba ya simu ya mwenyekiti, wengine wataacha kulalamika, na wengine, tusishangae, watakuja Jumamosi kuuliza mpira wenyewe unachezwaje.